Sauti Iliyobaki Machimboni

Binti wa dada yangu tulimwita Cherehani, maana mdomo wake ulikuwa haupoi. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, na mama yake huapa kwamba hata usingizini alikuwa akibishana na mtu. Nilikuwa nikimtania, "Mpwa wangu, huyo atakayekuoa itabidi aje na pamba za masikio."

Alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisomea mazingira na viumbe hai. Utafiti wake aliufanya na mwenzake, kijana mpole aliyerefuka hadi wakamwita Mlingoti. Walikwenda kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa zamani, shimo pana ambalo mvua zimeligeuza ziwa. Walitaka kujua uhai unarudije mahali palipokufa: konokono gani wanatangulia, kereng'ende gani wanafuata. Yaliyotokea humo nimesimuliwa na Mlingoti, akilia kama mtoto. Ya baadaye nimeyaona mwenyewe.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, anga jeupe. Walipokuwa wakijaza upepo boti yao ya mpira, mama mmoja anayefuga mbuzi jirani na pale aliwasogelea.

"Wanangu, mkiitwa humo ndani, msiitike."

"Nani atatuita, mama?" Mlingoti aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Sisi hatuitiki, basi."

Cherehani akacheka. "Mama, mimi na kunyamaza tuligombana zamani!"

Mama yule hakucheka. Alichukua namba ya Mlingoti, akasema wakichelewa kutoka atapiga, kisha akaswaga mbuzi wake mbali na ukingo.

Wakapiga makasia hadi katikati. Cherehani alishusha chombo cha kuchotea tope, akakivuta kwa kamba, akamwaga tope kwenye chekeche na kulisuuza. Akawa anataja kila konokono aliyebaki, Mlingoti anaandika. "Mdogo, mweusi, hai. Mwingine, mweusi, hai. Huyu amekufa, maskini." Vyura walikuwa wakipiga kelele ukingoni kote.

Kisha wakanyamaza. Wote kwa pamoja.

Kamba iliyokuwa mkononi mwa Cherehani ikakaza. Haikuvutwa kwa nguvu. Ilivutwa taratibu, kama mtu anavyovuta upindo wa nguo yako ili umtazame.

"Kitinda," sauti ikaita.

Mlingoti aliacha kalamu ianguke. Hakuna chuoni aliyelijua jina hilo. Ni marehemu mama yake tu aliyemwita hivyo, yeye akiwa mtoto wake wa mwisho.

"Kitinda wangu. Mbona huniitikii?"

Haikutoka ukingoni. Ilitoka chini ya boti. Mlingoti anasema aliisikia kwenye nyayo zake kabla ya kuisikia masikioni. Na anasema, na hapo ndipo hulia, kwamba hakuogopa. Alifurahi. Aliinama juu ya maji, uso ukakaribia kugusa, mdomo ukafunguka.

Cherehani akamshika shati. Akalivuta likachanika. Mlingoti akazidi kuinama.

"Usiitike!" Cherehani akapiga kelele.

Kimya.

Kisha kutoka chini ya maji, kwa sauti ileile ya Cherehani, kwa hofu ileile: "Usiitike!"

Haikuwa mwangwi. Mwangwi haucheki mwishoni.

Kamba ikalegea. Mlingoti akageuka. Cherehani alikuwa amekaa, macho yamemtoka, midomo yake ikienda mbio kama kawaida yake. Hakuna kilichosikika. Hata pumzi.

Tulimpeleka hospitali, tukabadilisha madaktari. Wote walisema koo ni zima, halina jeraha wala uvimbe. Dada yangu, aliyekuwa akimwambia "nyamaza" mara mia kwa siku, sasa aliketi kando ya kitanda akimsihi, "Sema neno moja tu, mama. Hata unitukane." Cherehani alimfuta machozi kwa kiganja, akatikisa kichwa.

Siku moja Mlingoti alikuja kwangu, simu mkononi, uso umempauka. Mama wa mbuzi alikuwa amempigia.

"Ameniuliza mbona tumemwacha yule binti kule," alinong'ona. "Anasema kila mchana anamsikia. Anataja konokono."

Nikachukua gari, nikaenda peke yangu. Mlingoti alikuwa ameapa kwamba hatapakanyaga tena, nami sikumlaumu. Nilifika mchana kweupe, nikasimama ukingoni. Maji yalikuwa shwari.

"Mdogo, mweusi, hai. Mwingine, mweusi, hai."

Sauti ilikuwa yake. Mkato wake wa maneno, haraka yake ileile.

Ikanyamaza.

"Mjomba?"

Mungu anajua nilivyokuwa nimeikosa sauti ile. Neno "mwanangu" lilishafika kwenye ulimi. Nikauma kidole hadi nikaonja damu.

"Mjomba, nirudishe nyumbani."

Nilikimbia hadi kwenye gari. Sikugeuka. Njia nzima niliendesha nimefunga vioo, nimebana meno, nisije nikatoa hata kikohozi.

Cherehani ndiye aliyenifungulia geti. Nilishuka nimkumbatie. Hakunitazama. Alitazama nyuma ya bega langu, ndani ya gari, kisha akaanza kurudi kinyumenyume, mikono yote miwili shingoni.

Nikageuka.

Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa chapachapa, kinanuka tope. Na mkanda wake ulikuwa umefungwa.

Nimekianika kiti hicho juani hadi kitambaa kimepauka. Pale katikati, pa kukalia, hapajakauka hadi leo.