Waya Kati ya Ghorofa ya Tatu na ya Nne

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, mwaka 2001, duka la vifaa vya umeme katikati ya mji wa Tampere lilijaa watu mpaka vioo vikatoka jasho. Makoti ya sufu yaliyolowa theluji yalinuka kama kondoo. Katika msukumano ule alisimama Marjut Kivelä, mfasiri wa miaka arobaini na mbili, kofia nyekundu kichwani, koti la kijani lililopungukiwa kifungo, na waya wa buluu mkononi. Alikuwa amemuuliza muuzaji swali lile lile mara mbili, na mara zote mbili muuzaji akamgeukia mteja mwingine.

"Huo hautakufaa, dada," sauti ya kiume ikasema nyuma yake. "Kama unataka kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja, chukua huu. Nyuzi zake zimepishana ndani. Kwa huo ulioushika, kila mashine itasema na hakuna itakayosikia."

"Kama watu wa jengo letu," Marjut akasema.

Mwanamume akatabasamu. Alikuwa mrefu, koti la kijivu likimgusa magoti, skafu imefungwa ovyo kama ya mtu asiye na wa kumtazama kabla hajatoka. Jina lake Rauno Vehmas, fundi wa kurekebisha sauti za piano.

Walitoka pamoja, wakapanda basi moja, wakashuka kituo kimoja. Walipofika kwenye mlango mmoja, Marjut akasimama.

"Bwana, unanifuata?"

"Nakwenda kwangu. Ghorofa ya tatu."

"Mimi ya nne."

Rauno akamtazama upya. "Kumbe wewe ndiye unayetembea juu yangu. Kila jioni, dirishani mpaka jikoni, jikoni mpaka dirishani. Nilidhani ni mtu mwenye msiba."

"Ni mtu anayetafuta maneno," Marjut akajibu. Walikuwa wameishi juu na chini miaka miwili bila kupeana hata salamu.

Kesho yake Rauno akapanda na bisibisi, akaunganisha kompyuta kuukuu ya Marjut na mpya aliyoinunua, kazi zake zote zikahamia upande wa pili huku wawili hao wakinywa kahawa. Hapo ndipo alipogundua kwamba Marjut aliingia mtandaoni kwa njia ya simu ya mezani. Akifanya kazi mtandaoni, simu yake haipatikani, na dada yake aliyeko mji wa mbali wa Rovaniemi amekwishachoka kupiga.

"Mimi ninao mtandao wa kasi," Rauno akasema. "Niliuweka binti yangu alipokwenda kusoma Kanada, nimwone kwenye picha. Siku hizi haandiki sana. Tuteremshe waya kutoka roshani yako mpaka yangu, tuutumie wote."

"Na majirani wakiuliza?"

"Katika jengo hili? Nani amewahi kuuliza kitu?"

Waya ukateremshwa. Wakatenga pia sehemu moja ya mafaili ambayo kila mmoja aliweza kuifungua kutoka kwake. Marjut aliweka humo sentensi za ajabu alizokutana nazo katika vitabu vya maelezo ya mashine za kufulia. Rauno aliweka sauti za piano alizozirekebisha mjini. Kisha simu ya Marjut ikawa inalia.

"Jirani, umesikia?"

"Nimesikia. Hiyo ya mwisho inakohoa."

"Ni ya shule. Watoto wameimwagia maziwa."

"Na wewe mbona unakohoa?"

"Nataka kuonewa huruma."

"Basi panda, nimepika supu ya samaki. Vaa soksi nzima leo."

Majira yale ya giza, jua likizama watu wakiwa bado kazini, wawili hao wakapata pa kwenda. Rauno akazoea kumwita dhahabu yangu. Marjut akashona kifungo cha koti.

Mwezi wa Februari Marjut akamwomba waende wote Rovaniemi kwenye sherehe ya dada yake.

Rauno akaweka kikombe mezani. Mke wake wa zamani alimwacha mbele ya meza iliyojaa wakwe, na tangu hapo meza za ukoo zilimtia baridi.

"Sijui kama niko tayari kuonekana na watu," akasema.

"Sawa," Marjut akajibu, akaanza kuosha vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

Usiku ule theluji ilianguka sana. Asubuhi Marjut akawasha kompyuta, mtandao haupo, na mafaili ya chini hayaonekani. Akaketi akiutazama ule weupe wa kioo. Amechomoa, akajisemea. Hakuwa na la kuniambia, basi amechomoa.

Chini yake Rauno naye alikuwa ameona kwamba kompyuta ya juu haionekani tena. Amekasirika, akawaza, na haki anayo.

Hakuna aliyegonga mlango wa mwenzake. Marjut alikwenda Rovaniemi peke yake, akarudi peke yake, akauchomeka tena waya wa simu kwenye kompyuta. Rauno alilala chali akisikiliza nyayo: dirishani, jikoni, dirishani. Akajipa moyo, akapiga simu. Inatumika. Akapiga baada ya chakula. Inatumika. Siku ya pili, ya tatu, vivyo hivyo. Amempata wa kuzungumza naye, akawaza, na mazungumzo yao hayaishi. Akaacha kupiga. Akawa anakula amesimama, mbele ya jokofu.

Mwezi wa Aprili, akipanda ngazi na mfuko wa vyombo vyake vya kazi, alimkuta Marjut akihangaika na boksi zito.

"Unahama?"

"Naenda mjini Oulu. Kampuni moja imenipa kazi ya ofisini. Mwaka mmoja."

"Na huyo bwana anahamia huko pia?"

"Bwana yupi?"

"Unayezungumza naye kwenye simu mchana kutwa."

Marjut akaliegemeza boksi ukutani. "Rauno, umesahau? Simu inashikwa na kompyuta. Ningefanyaje, na wewe ulichomoa waya?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyechomoa."

Walitazamana. Kisha wakapanda, Marjut akausukuma mlango wa roshani uliokuwa umefungwa tangu Februari. Theluji iliyobaki ilikuwa imegeuka barafu chafu. Bonge kubwa lilikuwa limeporomoka kutoka paani na kuukata waya katikati. Kipande chake kilining'inia hewani, hakifiki kwa huyu wala kwa yule.

"Miezi miwili," Marjut akasema taratibu. "Ngazi kumi na tano, na hakuna aliyepanda wala kushuka."

"Nilikuwa naona haya."

"Na mimi nilikuwa na kiburi. Sasa nimeshatia saini, dhahabu. Naondoka kesho."

Rauno alirudi ngazini, akalibeba lile boksi, akaanza kushuka nalo. Kati ya ghorofa ya nne na ya tatu akasimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Marjut, uolewe na mimi."

"Unaposa ukiwa umebeba boksi?"

"Nikilitua nitaogopa."

Marjut alicheka, halafu akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Ni kamusi zangu hizo. Zipeleke kwako, ni karibu. Jibu nitakupa."

Kesho yake aliondoka kwa treni. Rauno alirudi kutoka stesheni, akaketi. Juu hapakuwa na nyayo. Alikula mkate, akaosha kisu kimoja, akakikausha, akakiosha tena. Nje maji ya theluji yalitiririka mtaroni.

Simu ikalia.

"Rauno, fungua kamusi ya Kijerumani, ile nene yenye jalada la kijani. Kuna neno linanisumbua."

Akalitafuta akipapasa kurasa kwa vidole visivyozoea, akamsomea maana zote nne polepole. Upande wa pili kalamu ikakwaruza.

"Asante. Kesho yatakuwapo mengine."

"Nitakuwapo." Akaifunga kamusi. "Na lile swali la ngazini?"

"Kwa lile sikuhitaji kamusi," Marjut akasema kutoka Oulu. "Ndiyo. Sasa kaa hapo, usikate. Sina haraka ya kulala katika chumba hiki."

Rauno akavuta kiti karibu na simu.