Kimebaki Kidole Kimoja

Jua lilikuwa linazama, na Dada Puti, fundi wa kunyoosha bodi za magari, alikuwa ameshashika kufuli la gereji. Gari jeupe likaingia, taa zimezimwa. Boneti imebonyea kama godoro ambalo mtu ameinuka sasa hivi.

"Nimegonga mbuzi," dereva akanong'ona. Suti kali, viatu vinang'aa. "Na kesho trafiki wanakagua magari."

"Mbuzi huyo alikuwa amesimama wima, bosi?"

Hakucheka. "Mlizaliwa wangapi kwenu, dada?"

Swali gani hilo la kuuliza gereji?

"Wawili. Mimi na mdogo wangu."

Akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. "Basi ziba wewe mwenyewe. Usinyooshe bati. Puti tu. Na usitumie kibati cha kupakia... tumia kidole gumba."

Wateja wana mambo. Dada Puti akakoroga puti, ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bati, akaanza. Ila harufu ikampanda puani. Matairi yaliyolowa. Grisi ya mnyororo. Na bati lilikuwa la vuguvugu, kama paji la uso la mgonjwa.

Akaligonga kwa kifundo cha kidole, kusikiliza kama puti imeshika.

Krii... krii... khh.

Mlio wa kengele ya baiskeli, kutoka ndani ya bati.

Kengele ile aliiunga mwenyewe kwa lehemu springi yake ilipokatika. Tangu hapo ililia mara mbili, ya tatu ikikabwa. Ilikuwa kwenye baiskeli ya mdogo wake, msomi wa sheria, digrii safi kabisa, ambaye serikali yetu tukufu ilimtunuku kazi ya kusambaza vifurushi kwa pedali. Alizoea kumwambia: "Dada, wakinigonga, hakikisha wanashtakiwa kwa kuua. Si kwa kuharibu baiskeli."

Akampigia simu. Haipatikani. Akapiga tena...

"Malizia, dada," dereva akamnong'oneza sikioni. "Kimebaki kidole kimoja."

Kwenye usukani palikuwa pamefungwa uzi mweusi. Mafundo saba.

Dada Puti akachomoa funguo za gari, akaruka nje, akamfungia dereva ndani ya geti. Akapiga yowe hadi mtaa mzima ukatoka.

Polisi walimkuta mdogo wake mtaroni, nyuma ya kiwanda. Ameshapoa. Afande akafungua daftari: kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari.

"Kwa ushahidi gani?" dereva akauliza, mtulivu. "Kagueni boneti."

Dada Puti akashika patasi kuchimba puti yake.

Hapakuwa na puti.

Bati tupu, laini kama yai. Palibaki kijishimo tu, saizi ya kidole gumba.

Kalamu ya afande ikasita. "Hiki nacho kimeua mtu? Jumatatu mkaguzi atapima kilichopo. Kisipokuwepo kitu, sina shtaka la kifo."

Akipandishwa kwenye gari la polisi, dereva alimwinamia Dada Puti. "Mganga alisema lazima azibe mtu wa damu ya marehemu. Hakusema lazima akubali."

Sasa gari lipo kituoni, ndani ya uzio. Kila asubuhi afande anapiga simu: shimo limepungua. Kwa hiyo Dada Puti ameanza kujifunga mkono wa kulia kwenye chaga ya kitanda, kwa waya ule wa kushikizia bampa, usije ukaenda kuziba akiwa usingizini.

Leo Jumapili. Ameamka, waya uko vilevile, umekaza.

Kidole gumba kimejaa puti.

Mbichi.