Kioo Kwenye Ufa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia baraza la mama yake, fundi cherehani, huku akisemeshana na kila mpita njia. Jina hilo la utani alipewa na shangazi yake, maana binti yule kwa maneno hajambo!

Duka lao lilikuwa katika mtaa mkongwe kuliko yote ya mji mkuu. Habari za mtaa huo Chiriku alizipata kwa mhandisi wa jiji, mama mmoja mwenye kofia ngumu ya manjano.

"Hapa zamani palikuwa na kijito," mhandisi alimwambia. "Kikafukiwa, zikajengwa nyumba fupi za mawe, na njia ya kupita mkokoteni tu. Mji ulipofanywa mji mkuu, watu wakamiminika. Basi wakapandisha ghorofa za matofali juu ya kuta zile zile. Sasa tunajenga barabara pana huko nyuma, na malori ya kokoto yanataka kupita hapa. Kuta zitayaweza? Hapo ndipo penye kazi."

Ndani ya ujia wa nyumba yenye duka lao, ukutani kulikuwa na ufa. Mhandisi alibandika juu yake kipande chembamba cha kioo kwa saruji, ncha moja huku na nyingine kule. "Kioo hakinyumbuki," alieleza. "Ukuta ukisogea kidogo tu, kitapasuka, nasi tutajua. Asikiguse mtu." Kisha akafunga kamba mwanzoni mwa mtaa kuzuia malori.

Mama alikuwa amepiga marufuku mpira ujiani. Lakini siku moja, mama alipokwenda kununua nyuzi, Chiriku alicheza. Mpira ukagonga ukuta, pu! Alipotazama, kioo kilikuwa na mstari katikati.

"Ole wangu!" Hakukumbuka kijito wala malori. Alikumbuka ukali wa mama. Mbio mbio akakibandua, akakitupa, akatafuta kipande cha kioo cha fremu ya picha iliyovunjika, akaomba saruji kidogo kwa mafundi waliokuwa wakijenga mtaro hapo jirani, akabandika kingine. Vilifanana kama mapacha.

Mhandisi alipokuja kukagua, aliinama, akatabasamu. "Kizima kabisa! Kesho asubuhi tunafungua kamba."

"Afadhali," mama alisema, akashusha pumzi. Kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe leo mbona kimya? Chiriku wangu kanyakuliwa na mwewe?"

"Kichwa kinaniuma tu, mama." Uongo mmoja ulikuwa umeshazaa wa pili.

Asubuhi alipokwenda kuchukua ufagio ujiani, alitupia jicho ukutani. Kioo chake kilikuwa vipande viwili. Hakuna aliyecheza mpira hapo, wala aliyekigusa. Ukuta wenyewe ulikuwa umesogea! Wapangaji walikuwa bado ghorofani. Mama alikuwa ameshaanza kukanyaga cherehani. Na kule mwanzoni mwa mtaa, lori lilikuwa likinguruma.

Akisema, kila kitu kitafichuka. Asiposema je?

"Mama, toka nje!"

"Una wazimu? Nguo ya watu hii, naimaliza sasa hivi."

"Mama, ukuta unasogea! Kioo nilikivunja mimi, nikabandika kingine, nacho kimepasuka chenyewe!"

Mama hakuuliza la pili. Alipanda ngazi akipiga kelele kuwatoa wapangaji, na Chiriku akatimua mbio. Alimkuta mhandisi akilegeza fundo la kamba.

"Usifungue! Nilikudanganya!" Akayamwaga yote, mpira, fremu na saruji, machozi yakimtiririka.

Uso wa mhandisi ulibadilika. Alisimama mbele ya lori, mikono ameinyoosha. Dereva akapiga honi. "Mama, mimi nina kazi!"

"Na mimi nina watu ndani! Zima injini!"

Adhuhuri, watu wote wakiwa nje, roshani ya ghorofani ililia kwaa, ikaporomoka juu ya baraza, pale pale Chiriku alipokuwa akifagia kila siku. Hakuumia hata mtu mmoja. Mama alimkumbatia bintiye.

"Kile kioo cha kwanza," Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo, "kilivunjwa na mpira au na ukuta?"

"Hatutajua kamwe," mhandisi alijibu. "Jibu lake ulilitupa wewe. Nami nilitaka kuruhusu malori kwa sababu ya kioo chako."

Nguzo za kuegemeza nyumba zilipokwisha kuwekwa, mhandisi alimpa Chiriku kioo kipya akibandike mwenyewe. Mama alisimama nyuma yake, mpira ameuficha kwapani.

"Mpira huu ni wangu mpaka nitakapoamua," alisema. "Na usikie, mwanangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiuficha itakuwaje, hawakusema. Labda hakubaki mtu wa kusimulia. Kosa lako niletee likiwa bichi. Nitagomba, ndiyo, lakini tutakuwa hai sote."

"Ndiyo, mama," alisema Chiriku. Akakibonyeza kioo kwenye saruji, taratibu, akaondoa mikono.