Goti Lililotiwa Ganzi

Mliona. Msiniambie hamkuona. Mtaa mzima ulimwona akichechemea, na mtaa mzima ukageuza shingo, kwa sababu jicho lililozoea mabao halina haja na goti. Tulieni basi niwakumbushe, maana mimi kusahau sijui.

Yule mshambuliaji wetu, Nyundo, alikuwa amerudi kwa mapumziko baada ya msimu wa soka huko ng'ambo kwisha. Asubuhi hiyo ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, suruali ameikunja, mguu wa kulia umo ndani ya ndoo ya maji ya vuguvugu. Mama yake anamenya vitunguu. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, anakaza vifungo vya shati. Hakuna aliyetaka kitu kwake. Nyundo alifumba macho akasikiliza kisu kikigonga ubao. Kwa muda mrefu hakuwa amekaa mahali asipopigiwa kelele.

"Nimekuona ukishuka ngazi," dada akasema bila kuinua uso. "Unashuka kinyumenyume. Bado tu kukufungia ule mlio wa lori linaporudi nyuma."

Mama alicheka hadi kisu kikamponyoka. Nyundo naye akacheka, na kicheko kikamfungua mdomo. Akawaeleza kwamba kila kabla ya mechi daktari wa timu humdunga sindano ya ganzi gotini. Wenzake wanafunga kamba za viatu, yeye kalala juu ya meza anatazama dari. Uwanjani hasikii kitu. Ganzi ikiisha, hata kukanyaga breki ya gari hawezi. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, limelika. Daktari wa mifupa amekubali kumpasua wiki ijayo, kwa sharti asiguse mpira kabla ya hapo.

"Na klabu yako inajua?" mama akauliza.

"Inajua, mama. Nikipasuliwa goti likiwa hivi lilivyo, nitacheza tena. Likichanika zaidi, kwaheri mpira."

"Basi kaa, mwanangu. Hata ndoo nitakubebea mimi."

Laiti dunia ingeishia hapo mlangoni.

Kabla vitunguu havijakwisha, mjomba mtu aliingia, nyuma yake wanakijiwe wamejazana, kinyozi akiwa mbele amebeba jezi mpya yenye jina Nyundo mgongoni. Mjomba huyu ndiye aliyemfundisha kupiga mpira. Kwa hiyo aliamini ule mguu ni wake pia.

"Mpwa wangu! Jumamosi tunacheza na mtaa wa pili. Nimeshatangaza kwa kipaza sauti."

"Shikamoo, mjomba. Lakini goti..."

"Marahaba. Goti, goti! Wageni unawachezea na goti hilohilo, sisi damu yako unatupa mgongo?"

"Au macho yetu hayafai kukutazama?" kinyozi akachomeka.

Dada akaweka shati chini. "Mjomba, mtu huyu anangoja kupasuliwa. Likivunjika, utamnunulia jingine dukani?"

"Wewe shona. Hapa wanazungumza wanaume."

Nyundo akamtazama mama yake. Neno moja tu la mama lingetosha kuwarudisha wale watu walikotoka. Lakini mama alikuwa akimtazama kaka yake, aliyekwisha kutoa ahadi mbele za watu, na akaona aibu ya kaka ni nzito kuliko goti la mwana.

"Nusu saa tu, mwanangu," akasema polepole. "Wewe tembeatembea."

Nyundo alichoka. Kukataa nako kunataka nguvu, na zake alikuwa amezimaliza kwenye viwanja vya watu. Akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi, nyuma ya goli, mwenye duka la dawa alimdunga sindano kwa amri ya mjomba. Nyundo hakuuliza hata ni dawa gani. Akaingia. Akafunga bao, na mnakumbuka mlivyorukaruka. Kisha akageuka ghafla kuuwahi mpira, goti likalia kama kuni kavu. Kipa aliusikia mlio ule. Refa aliusikia. Mwenye goti hakusikia chochote, akainuka, akaendelea kukimbia.

"Mtoeni!" Dada yake aliingia uwanjani, kanga mkononi. "Hamuoni mguu unavyochezacheza? Mtoeni!"

Mkamzomea. Wengine mkamwambia akapike. Mjomba akapiga makofi: "Huyo ndiye mwanamume!" Na Nyundo, kwa kuwa hakuumwa, akakiamini kiwanja kuliko dada yake. Alicheza mpaka kipenga cha mwisho, juu ya goti lililokwisha kuraruka, akilisaga mwenyewe kwa kila hatua.

Wiki iliyofuata daktari wa mifupa alitazama picha za goti, akazirudisha ndani ya bahasha. Hakikubaki cha kushona. Klabu ikampa pole, ikasajili mwingine.

Sasa anatembea na fimbo. Akipita kijiweni, mnainamia simu zenu kumtazama kijana mwingine wa hapahapa aliyekwenda ng'ambo. Mjomba husema ni kudra. Mama humbebea ndoo kila asubuhi. Juzi dada alimuuliza Nyundo kama anamlaumu mtu.

"Nimechoka, dada," akajibu. "Ngoja kwanza nipumzike, nitalaumu baadaye."

FUNZO

Maumivu ni mlinzi wa mwili. Anayemziba mlinzi mdomo asishangae kukuta nyumba imevunjwa. Na ninyi mnaompenda mwenye kipaji, msiufanye mguu wake kuwa mali ya ukoo. Ahadi ya mjomba si daktari. Mama, aibu ya kaka yako itapoa kabla ya jua kutua. Goti la mwanao halitarudi. Nawe mchezaji, jifunze kusema "siwezi" ungali unaweza kutembea.

Sina haja ya makofi yenu, mlikwisha kuyamaliza kiwanjani. Yule kijana mnayemtazama kwenye simu ana mama, ana mjomba, ana namba. Inueni simu hizohizo sasa hivi, mpigieni. Msimuulize atafunga mangapi. Muulizeni anaumwa wapi, na akiwaambia, mwambieni atoke uwanjani.