Hodi Ndani ya Sofa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuruhusiwa kwenda kokote, binti wa fundi masofa alifagia karakana ya mama yake. Alikusanya vipande vya sponji, nyuzi, pini zilizopinda na vumbi la mbao, akavisukuma hadi mlangoni huku akinung'unika. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kwa hiyo vumbi la kazi lilikula nao, likalala nao na kwenda nao shuleni juu ya sare. Mtaani walimwita Najua, kwa sababu ukimwambia lolote, jibu lilikuwa hilo. Mwambie chai ni ya moto, atasema, "Najua," kisha ataungua ulimi. Mwambie kamba ya kiatu imefunguka, atasema, "Najua," kisha ataanguka nayo hivyo hivyo.

Mama yake alikuwa na desturi moja ambayo Najua aliidharau kuliko zote. Kabla ya kufunga kitambaa cha chini cha sofa, ilikuwa lazima ugonge mbao, useme "Hodi!", kisha upitishe mkono ndani kila pembe. Desturi hiyo ilianza baada ya mkasi kusahaulika ndani ya kochi, ukaenda nalo hadi kwa mteja na kumchoma pale anapokalia. Isitoshe, kulikuwa na Meneja. Huyu alikuwa paka wa kijivu, mnene, aliyepewa cheo hicho kwa sababu hakufanya kazi yoyote ila kuzunguka akikagua kazi za wenzake. Akishakagua, alilala. Na hakuna mahali alipopenda kulala kama ndani ya sofa ambalo halijafungwa.

"Kuzibishia mbao hodi!" Najua alimwambia rafiki yake njiani kutoka shuleni. "Siku moja kochi litamwitikia mama karibu, ndipo atakapozimia."

Rafiki alicheka sana, na Najua akajiona mtu mwenye akili.

Jumamosi hiyo mama alitoka kwenda kununua vitambaa. Alimwonyesha Najua sofa lililolazwa kifudifudi, miguu juu. "Limebaki kufunga chini tu. Mwenyewe atakuja kulichukua mchana. Usisahau hodi, mwanangu."

"Najua, Mama."

Mama hajafika mbali, rafiki akatokea mlangoni. Mchezo umeanza, na timu ilikuwa inamngojea yeye tu. Najua akatandaza kitambaa cheusi juu ya sofa, akashika stepla kubwa ya mama na kuanza kupiga pini kuzunguka fremu. Hodi hakupiga. Mkono hakupitisha. Alipofika pembe ya mwisho, aliona kitambaa kimetuna kidogo kando ya mbao. Fundi yeyote angesimama. Najua alidhani ni kikunjo, akakikandamiza kwa kiganja na kukipiga pini.

Sofa lilipiga kelele.

Alikichana kitambaa kwa mikono miwili. Meneja akaruka nje, mguu wa mbele ukivuja damu, akajichomeka nyuma ya marobota ya sponji. Rafiki alipoona damu, akakumbuka ghafla kwamba ameitwa kwao. Najua akabaki peke yake. Angeweza kukimbia dukani kumwita mama, na hadithi hii ingeishia hapa. Badala yake alifuta damu sakafuni, akakata kitambaa kingine na kulifunga sofa upya, safari hii vizuri sana, kwa sababu mtu anayeficha kosa huwa fundi hodari.

Alipokuwa akifunga, alijitafutia visingizio. Kosa ni la paka, nani alimwambia aingie? Kosa ni la rafiki aliyemharakisha. Kosa ni la mama aliyemwachia kazi ya watu wazima. Hata stepla ilipata lawama zake. Katika karakana nzima, asiyekuwa na kosa alikuwa mmoja tu, yule aliyeshika stepla.

"Meneja ana nini?" mama aliuliza aliporudi na kumwona paka akichechemea.

"Mbwa wa kinyozi amemng'ata."

"Umemwona?"

"Nimemwona kwa macho yangu."

Kama ni uongo, huo ulikuwa uongo wa aibu hata mbele ya waongo. Mbwa wa kinyozi aliitwa Jenerali, lakini vita vyake viliisha zamani. Alilala mlangoni mwa kinyozi kutwa nzima, wateja wakamruka, wengine wakamkanyaga mkia, naye akawaomba radhi kwa macho. Kinyozi aliposikia mashtaka, alikuja na shanuo mkononi.

"Mama Najua, Jenerali amng'ate nani? Huyu hata mkate namlowekea kwenye maji!"

"Mbwa ni mbwa, jirani. Mtoto ameona."

"Mtoto ameona," wateja wa kinyozi walikubaliana, mmoja wao akiwa amenyolewa upande mmoja. Wangeweza kumfungua yule mbwa mzee mdomo na kuyatazama meno yake, lakini hakuna aliyejisumbua. Kufikiri kunachosha, na kukubali ni rahisi. Jenerali akafungwa mnyororo kwenye nguzo ya nyuma, kwenye jua. Mdogo wake Najua, aliyempenda Meneja kupita vitu vyote, alijaza mfuko wa kaptula kwa kokoto, akaenda kumlipizia paka kisasi.

"Nimempiga mbili za kichwa!" alimwambia dada yake kwa furaha.

 Usiku huo Najua hakula. Alimpelekea Meneja kipande chake cha nyama, Meneja akarudi kinyumenyume hadi ukutani. Najua akalia. Alikuwa na huruma nyingi siku ile, ila zote alijihurumia mwenyewe. Nguzo ya nyuma kwa kinyozi aliikwepa kabisa. Akienda dukani alizunguka njia ndefu asije akakutana na macho ya mbwa.

Jumatatu mguu wa Meneja ulikuwa umevimba, naye hakutaka hata maji. Mama akamwita daktari wa mifugo. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye buti za mpira na haraka ya mtu anayengojewa kwingine. Alimshika paka kwenye meza ya kukatia vitambaa, akakitazama kidonda.

"Kafanywa nini?"

"Aling'atwa na mbwa wa jirani yangu," mama alisema.

Daktari akamgeukia kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mbwa amechanjwa kichaa?"

Kinyozi akainamisha kichwa. "Zamani, daktari. Nilizembea."

"Na paka?"

"Hajachanjwa," mama alijibu.

Daktari akavua glavu. "Basi hapa hatuna mchezo. Mbwa naondoka naye, afungiwe tumwangalie. Huyu paka nisiwafiche. Amevimba, hali, hanywi, na ameng'atwa na mbwa tusiyemjua hali yake. Huenda ikabidi nimchome sindano asiamke tena. Kichaa cha mbwa kikiingia kwenye nyumba yenye watoto, mtalia msiba mwingine."

Mdogo wake Najua akaanza kulia kwa sauti. Kinyozi alisema polepole, "Jenerali ni mzee, daktari. Mkimfungia ugenini atakufa kwa huzuni."  Daktari alikuwa tayari ameinamia mfuko wake.

"Si mbwa!" Najua alisema.

Wote wakageuka.

"Si mbwa, ni mimi. Nilimpiga pini ya stepla. Alikuwa ndani ya sofa, sikupiga hodi, sikupitisha mkono. Jenerali hakufanya kitu. Nilisema uongo."

Mama alikaa kwenye kigoda. Daktari ndiye aliyewahi kuinuka. "Pini? Iko wapi hiyo pini?"

"Ilibaki kwenye mbao. Lakini ilikuwa imevunjika ncha moja."

"Basi hiyo ncha iliyovunjika imo humu ndani!" Daktari alivaa glavu nyingine, akamchoma Meneja sindano ya ganzi, akapasua kidonda na kuchokonoa kwa kibano. Usaha ulitoka, kisha kipande cha chuma, chembamba, kifupi kuliko ukucha. Alikiweka mezani mbele ya Najua. "Kingekaa siku chache zaidi, mguu ungeoza. Mimi ningekuwa natibu kidonda cha meno ya mbwa, na paka angekufa kwa chuma." Akasafisha, akafunga bandeji, akaacha dawa. Wanyama wote wawili akawachanja palepale, kinyozi akipokea mahubiri yake kuhusu chanjo bila kubisha.

Daktari alipoondoka, Najua alijitupa kwenye marobota ya sponji. "Mimi ni muuaji! Mimi ni mtu mbaya kuliko wote duniani! Msinipende tena!"

"Inuka hapo," mama alisema. "Kwanza ulikuwa hodari kuliko wote, sasa unataka uwe mbaya kuliko wote. Hata kwenye ubaya unataka namba moja? Meneja hali machozi, na Jenerali bado yuko kwenye mnyororo. Nenda."

Najua alikwenda. Kwa kinyozi kulikuwa kumejaa, na wateja walewale waliosema mtoto ameona walimsikiliza mtoto akisema hakuona. Mmoja akacheka, "Kumbe!" kana kwamba yeye aliujua ukweli tangu mwanzo. Kinyozi hakucheka. Alimwelekeza kwenye nguzo kwa kidole.

"Nisamehe, mjomba."

"Mimi nitakusamehe. Mfungue kwanza aliyefungwa."

Mdogo wake alimfuata nyuma, kokoto zikiwa bado mfukoni. Alimtazama mbwa, akamtazama dada yake kwa macho ambayo Najua hakuyasahau, akaziangusha kokoto chini moja moja. Jenerali, mjinga wa wema, aliwalamba wote wawili mikono.

Tangu hapo, asubuhi na jioni, Najua alisafisha kidonda cha Meneja, na siku za mwanzo Meneja alimlipa kwa kumparura. Alivumilia. Uvimbe ulishuka, mguu ukapona, ingawa ulimwachia kuchechemea kidogo. Kila alipomwona akipita, moyo ulimchoma, na jioni moja wakiwa karakanani alimwambia mama.

"Mama, nikimwona anavyotembea bado naumia. Itaisha lini?"

Mama aliweka nyundo chini. "Itapungua. Isiishe yote, mwanangu, hiyo kidogo itakukumbusha kutazama unapoweka mkono. Lakini usichanganye mambo. Kumuumiza Meneja ilikuwa ajali, na ajali inampata kila mwenye mikono. Uliyoyafanya baada ya hapo hayakuwa ajali hata moja. Paka alikaribia kufa kwa uongo, wala si kwa pini. Ukikosea, sema siku ileile. Kosa ukilifungia ndani, linaendelea kuoza, na wanaoumia ni wasiohusika."

Najua alifungua mdomo atoe jibu lake la siku zote, akaufunga. Alitandaza kitambaa cheusi juu ya sofa jipya. Rafiki yake, aliyekuwa amerudi siku hizi kana kwamba hakukimbia, alisimama mlangoni akiguna kwa kicheko. Najua hakumjali. Aligonga mbao.

"Hodi!"

Kimya. Alipitisha mkono ndani, pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika pembe ya mwisho ulikutana na mgongo wa manyoya, wenye joto. Alingoja aparurwe. Meneja hakuparura. Alijinyoosha chini ya kiganja chake, akatoka mwenyewe taratibu, akichechemea, akaenda kukagua kazi nyingine.