Mwanasiti Anaingia Mwenyewe

Mwanne wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, ni wa miaka. Kila asubuhi alijitwika kapu la ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akambeba binti yake Mwanasiti mgongoni, akatembea mpaka soko la Jabe. Mwanasiti alikuwa na miaka kumi na saba. Ugonjwa wa kupooza ulimlegeza miguu tangu utotoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ulikuwa wake Mwanne, na mgongo ulimuuma.

Mtu akimsalimu Mwanasiti, mama ndiye aliyeitikia. Alifanya hivyo kwa mapenzi.

Bujumbura ilikuwa inangoja sikukuu ya pili ya uhuru. Siku moja Ernestine, mwalimu wa kituo cha akina mama, alikuja sokoni. Alichutama mbele ya Mwanasiti.

"Mwanasiti, tunatengeneza teatri, muchezo wa kuigiza, ya sikukuu. Wenye kutembea na wasiotembea, wote pamoja. We unataka kucheza?"

"Apana, madamu," Mwanne alidakia. "Watu watamucheka uyu mutoto. Na mi nimechoka."

"Pole, mama. Lakini mi nauliza yeye."

"Nataka," alisema Mwanasiti.

Mwanne alikasirika, tusifiche. Hata hivyo alimpeleka.

Kwenye mazoezi walimkuta Shaabani, fundi wa baiskeli asiyesikia, aliyesema kwa mikono. Alikuwepo pia Pontien, kijana mzima wa viungo na mwepesi wa maneno.

"Mwanasiti acheze muombaji," Pontien alisema. "Ataikala na kunyoosha mukono. Rahisi!"

Ernestine alimgeukia Mwanasiti. "We unataka kuwa nani?"

"Muuza ndagala. Ku soko wauzaji wote wanaikala chini."

Pontien akaona aibu. Ilikuwa kweli tupu.

Basi Mwanasiti akawa muuzaji, Shaabani mnunuzi mbishi, Pontien mlinzi wa soko. Lakini kila jioni Mwanne alimbeba binti yake mpaka kwenye mkeka. Ernestine akamwita pembeni.

"Mama, usimubebe bila kumuuliza. Akitaka musaada, atasema."

"Atambae mbele ya watu?"

"Atambae. Sisi tutamungoja."

Mwanasiti alikuwa amesikia. "Mama, mugongo yako inauma. Kila siku unaguna, na mi niko juu yako. Unafikiri siumii?"

Mwanne alilia kidogo, akajifuta kwa kanga.

Siku ya sikukuu uwanja ulijaa. Ngoma ikapigwa. Pontien akamgusa Shaabani bega, maana yeye haisikii ngoma, naye akaingia. Zamu ya Mwanasiti ikafika. Alivaa kandambili mikononi, akaanza kutambaa polepole. Mtu mmoja akasema, "Masikini!"

Mwanne akainuka, mikono tayari.

"Mama, ikala!" Mwanasiti alisema kwa sauti.

Mwanne akakaa. Binti yake alifika kwenye mkeka, akavua kandambili, akapanga ndagala. Shaabani akaanza kuwachaguachagua.

"We! Unafinya samaki yangu, unazaniya ni mashavu ya bibi yako? Nunua ao enda!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Uyo ni Mwanne kabisa, vile anagombeza wanunuzi!" alipiga kelele jirani. Mwanne mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuna aliyekuwa akicheka miguu.

Wiki ile Shaabani alimuuliza Mwanasiti kwa mikono: kiti kiwe na kimo gani? Mwanasiti akamwonyesha. Kwa magurudumu ya baiskeli kuukuu Shaabani akamtengenezea kigari cha kusukuma kwa mikono. Wateja wakaja Jabe kumtafuta muuzaji mwenye ulimi mkali.

"Mama, rudi nyumbani," Mwanasiti alisema asubuhi moja pale sokoni. "Mi naweza."

Mwanne alisita, kisha akaenda. Akafika, akatandika mkeka, akalala mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu amzae Mwanasiti.