Kadi ya Kocha Batiste

Lyle Pruett alikutwa amelala chali katika chumba cha video cha jengo la futiboli ya Kimarekani, Chuo Kikuu cha Tarrance, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi ya Jumanne. Aliyemkuta ni mfagiaji, Bi Verna Stubbs, ambaye kwanza alizima mashine yake ya kufyonza vumbi, akaiegesha ukutani, ndipo akawapigia polisi. Kona ya kabati la chuma ilikuwa na damu na nywele. Televisheni ilikuwa bado inawaka, ikionyesha vijana wa sekondari wenye kofia ngumu wakigongana bila sauti.

Inspekta Loretta Gaines alifika baada ya robo saa. Alizaliwa Tarrance, na pengine ndiye mtu pekee wilaya nzima asiyetazama mechi. Mumewe alitazama kwa niaba ya wote wawili. Alizungushia mlango utepe, akawafukuza makocha watatu waliojazana kizingitini na vikombe vyao vya kahawa, akachuchumaa kando ya maiti.

Daktari wa uchunguzi alimweleza kwa kifupi. Marehemu alisukumwa, akaangukia kisogo kwenye kona ya kabati. Ilikuwa kati ya saa moja na saa mbili usiku wa jana. Lakini hakufa papo hapo.

"Aliishi muda gani?" Loretta aliuliza.

"Saa nzima, labda zaidi. Angepatikana mtu wa kupiga simu, tungekuwa tunamhoji yeye mwenyewe hospitali."

Pruett alikuwa mkurugenzi wa usajili, yaani mtu wa kuamua ni kijana gani apewe ufadhili wa masomo ili aje kuichezea Tarrance. Na siku iliyofuata ilikuwa Jumatano ya saini, ambapo vijana wa nchi nzima hutia saini za vyuo wanavyokwenda. Huku kwetu Alabama siku hiyo hata mahubiri ya mazishi hufupishwa. Mkurugenzi wa michezo, Bwana Yarbrough, alimuuliza Loretta mara mbili kama chumba cha video kingefunguliwa kabla ya kesho. Kuhusu mjane wa marehemu hakuuliza kitu.

Kulikuwa na jambo jingine lililowapandisha watu homa mwaka huo. Ifikapo Julai, Tarrance ingehama ligi yake ndogo na kujiunga na ligi kubwa. Televisheni ingelipa dola milioni thelathini kwa mwaka badala ya tatu, na kila mtu, kuanzia mpishi hadi mpiga tarumbeta, alishaanza kuota fungu lake.

Sajini Dewey Crenshaw alileta kumbukumbu za milango. Jengo lile halina funguo. Kila kocha ana kadi yake. Mlango wa chumba cha video ulifunguliwa mara moja tu usiku ule baada ya Pruett kuingia, saa moja na dakika arobaini na sita, kwa kadi ya Roosevelt Batiste, kocha wa safu ya mbele. Simu ya Batiste nayo ilikuwa humo jengoni kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka alfajiri, ikituma ujumbe kwa vijana wanne.

"Kesi imekwisha, Mkuu," alisema Crenshaw. "Tena Ijumaa walizozana mbele ya watu. Pruett alitaka kumtema kijana mmoja mwenye goti bovu, Batiste akamwambia atapita juu ya maiti yake."

"Juu ya maiti ya nani?"

"Yake mwenyewe, Batiste. Lakini si unaona ilivyogeuka."

Loretta alianza na Gil Landrum, kocha wa walinzi wa nyuma, kwa sababu ofisi yake inapakana na ya Batiste na wawili hao walikuwa marafiki wa miaka kumi na tisa. Landrum alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye macho mekundu ya kulia. Alisema yeye mwenyewe aliondoka mapema, saa moja na nusu hivi, alipomaliza mambo yake. Halafu akaongeza bila kuulizwa kwamba Roosevelt hakutoka humo jengoni jioni yote. Alimwona kwa macho yake koridoni wakati anatoka, saa hiyo hiyo ya moja na nusu, akiwa na simu sikioni.

Batiste aliletwa kituoni saa nne asubuhi. Alisomewa haki zake, akakataa wakili, akakataa na kahawa. Habari ya kadi Loretta aliificha kwanza. Hakupenda kumwonyesha mtu karata zote siku ya kwanza.

"Jana jioni ulikuwa wapi, Kocha?"

"Sikumuua Lyle."

"Sijauliza hilo."

"Niulize Alhamisi."

"Alhamisi utakuwa rumande kwa shtaka la mauaji."

"Basi mje mniulize huko huko."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayeomba apunguziwe bei na anajua hatapunguziwa. Crenshaw alimwona mjuvi. Loretta alimwona mtu anayeogopa, ila si kwa ajili yake mwenyewe, na jambo hilo lilimkera mpaka akashindwa kula mkate wake wa mchana.

Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu Jumatano itakuwa imepita na saini zimeshatiwa. Hata mtu asiyetazama mechi analijua hilo. Na analijua jingine: kuanzia Jumatatu asubuhi kulikuwa na marufuku. Kocha ruksa kuongea na kijana kwa simu, lakini kumwona uso kwa uso, yeye au mlezi wake, ni mwiko. Akikamatwa anafukuzwa kazi, na kijana anafutwa kwenye orodha ya chuo hicho.

Loretta aliomba jina la kijana mwenye goti bovu.

Tavarius Mayfield aliishi Sardis Fork, mwendo wa maili hamsini, na bibi yake. Mwaka mmoja kabla, vyuo kumi na vinne vilikuwa vikimgombea. Alipoumia goti mwezi wa tisa vilikata simu kimoja baada ya kingine, ikabaki Tarrance, na Tarrance yenyewe ilibaki kwa sababu Batiste alimng'ang'ania kijana.

Bibi Ernestine Mayfield hakujibu swali lolote mpaka mgeni wake alipoketi na kuwekewa kuku wa kukaanga na mboga za majani. Kijana alikaa pembeni, mguu juu ya kiti, barafu juu ya goti.

"Nani kakwambia kocha alikuja hapa?" Bibi aliuliza.

"Hakuna. Kocha mwenyewe kaziba mdomo kabisa. Ndiyo maana nimekuja."

"Nikisema, mjukuu wangu anapoteza nafasi?"

"Kwa Tarrance, ndiyo. Sitakudanganya."

"Na nikinyamaza?"

"Kesho kocha anashtakiwa kwa kuua mtu."

Bibi Mayfield alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, na alikuwa ameosha shuka za hoteli miaka thelathini. Ile karatasi ya ufadhili ilikuwa pale pale juu ya jokofu, ikimsubiri yeye na kalamu.

Kijana ndiye aliyesema, akiwa ameinamisha kichwa. "Mwambie, Bibi. Mtu alikuwa hapa kwa ajili yangu."

Basi bibi akasema. Alikuwa amesikia kanisani kwamba Tarrance, ikiingia ligi kubwa, itawatupa wote wenye magoti mabovu. Akampigia Batiste Jumatatu mchana na kumwambia hatatia saini kitu mpaka aje amtazame machoni. Kocha alimkumbusha marufuku. Yeye akamjibu kwamba marufuku hizo hakuziandika yeye. Batiste aliingia saa moja kasoro, akala sahani mbili, akaapa mbele ya picha ya marehemu mama yake Tavarius, akaondoka saa tatu na dakika ishirini.

"Mimi ndiye niliyemwita," alisema. "Liandike hilo pia. Na liandike vizuri."

Loretta aliliandika. Alijichukia kidogo kwa kuwa bado alikuwa na hamu ya yule kuku. Njiani Crenshaw alimpigia: kamera ya kituo cha mafuta ilimnasa Batiste saa kumi na mbili na dakika arobaini, njiani kuelekea Sardis Fork.

Sasa maana ya ile simu ilikuwa wazi. Ni ujanja wa makocha, wa zamani kama simu zenyewe. Anayekwenda mahali pasiporuhusiwa huacha simu na kadi kwa rafiki. Rafiki hujibu ujumbe na kufungua mlango mmoja mmoja, ili ofisi ya kanuni ikiuliza, mashine zishuhudie kwamba mtu alikuwepo kazini.

"Dewey," Loretta alisema, "nitazamie kadi ya Landrum. Jioni nzima."

Jibu lilikuja kabla hajafika mjini. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu, kadi ya Landrum haikufungua mlango hata mmoja. Ya Batiste ilifungua saba. Na mlinzi wa maegesho alikumbuka kumwona Landrum kwenye mashine ya soda, ndani, saa tatu kamili.

Walimleta saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linapiga dirishani.

"Ulimwona Roosevelt koridoni saa moja na nusu," Loretta alisema.

"Ndiyo."

"Alikuwa Sardis Fork anakula kuku."

Landrum alitazama meza.

"Kadi yake imefungua milango saba. Yako hakuna. Lakini saa tatu ulikuwa ndani unanunua soda. Ulipitaje, Gil, dirishani?"

"Nilisahau," Landrum alisema. "Nilikuwa nambeba Roosevelt jioni yote. Nikasahau kwamba na mimi nipo."

Kisha akaeleza yote, taratibu, bila kuhimizwa. Aliingia chumba cha video kwa kadi ya rafiki yake, ili tu mlango uandike jina. Pruett alikuwa na karatasi mezani: makocha watakaovuka kwenda ligi kubwa na watakaoachwa. Jina la Batiste lilikuwepo. La Landrum lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja. Alipouliza, Pruett alimwambia kwamba watu wa televisheni wanataka sura mpya, asilichukulie moyoni.

"Miaka kumi na tisa," Landrum alisema. "Nimesimama pale na simu ya mwenzangu mkononi, nawabembeleza vijana wake, ili yeye asipoteze kazi. Na kazi anayo. Asiyekuwa nayo ni mimi. Nikamsukuma. Sikukusudia lile kabati."

"Aliishi saa nzima. Ulimsikia?"

"Alikuwa anakoroma."

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Simu ilitoa mlio wa ujumbe. Kijana wa mji wa Mobile alikuwa anamuuliza Roosevelt habari za bweni." Alijipangusa uso. "Nikamjibu."

Crenshaw aliacha kuandika. Loretta alimwashiria aendelee.

"Na Roosevelt je? Alhamisi angesema alikuwa wapi."

"Asingesema. Alhamisi angegundua kwamba saini inaweza kufutwa, angenyamaza tena. Namjua kuliko mkewe." Landrum aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Mngemfunga maisha, asingemtaja yule mtoto. Ndiyo maana nilisema nilimwona."

Alitia saini maelezo yake kurasa nne, kila ukurasa chini.

Maelezo ya Bibi Mayfield yaliingia kwenye jalada, kwa sababu bila hayo kesi isingesimama, na kutoka humo yakafika chuoni. Jumatano saa tatu asubuhi chuo kilimfukuza Batiste kazi kwa kuvunja marufuku. Saa tatu na nusu, Yarbrough alitangaza kwamba Tarrance imeondoa ofa ya Mayfield kwa kufuata kanuni. Hakumpigia mtu. Alilituma tangazo kwa magazeti.

Batiste alitoka mahabusu muda huo huo. Loretta mwenyewe alimpa mkanda wake na viatu, na akamwambia yote, la kazi yake, la Gil na la kijana. La Gil alilisikiliza amesimama. La kijana lilimkalisha.

"Wameshajua, huko Sardis Fork?"

"Sidhani. Mkutano wa saini shuleni kwao ni saa sita. Kijana atakuwa anafunga tai sasa hivi."

Batiste alivaa viatu bila kufunga kamba, akasimama. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote ile, akasita mlangoni.

"Marufuku haijaisha," alisema.

"Marufuku ni ya makocha," Loretta alimjibu. "Wewe nenda."